Kidole Kwenye Fundo

Kila Desemba, kabla feri ya Hiiumaa haijaanza kugombana na barafu,
Bibi Vaike huingia posta ya Käina na boksi lake.
Hupangusa viatu mara tatu,
huliweka mezani kwangu kama aliyeleta mtoto kliniki,
husema: "Pima kwanza. Maneno baadaye."

Vilivyomo navijua bila kufungua:
mkate mweusi ndani ya taulo la jikoni,
samaki wa moshi ndani ya gazeti, na gazeti ndani ya gazeti,
maana mwaka ule barua zote za kisiwa
zilifika bara zikinuka chakula cha mchana;
soksi za sufu jozi mbili, moja ina kisigino cha rangi nyingine
kwa kuwa uzi uliisha Jumapili na duka limefungwa.
Mianya yote ameijaza njegere kavu.
"Karatasi za kujazia," anasema, "haziliwi."

Kilo tano na gramu mia mbili.
Juu ya mizani kuna tangazo nililolibandika mwenyewe:
KAMBA HAIRUHUSIWI. TUMIA UTEPE.
Bibi Vaike hulisoma kwa sauti kila mwaka,
taratibu, kama asomaye tanzia ya mtu asiyemfahamu,
kisha anatoa kamba ya kitani mfukoni.
Mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana,
anavuta mpaka boksi linaguna.
Anainua macho.
"Urmas. Kidole."

Nami naweka.
Miaka kumi na tisa naweka kidole pale kamba zinapokutana,
nahisi fundo likija, likinibana ukucha,
na kwenye nukta ile ya mwisho sharti nikichomoe,
si mapema, si kwa kuchelewa.
Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli.
Habari ya fundo wahenga hawakuigusa.

Zamani kidole kilikuwa cha mumewe.
Sikuambiwa. Niliona siku ya kwanza alipokuja peke yake,
akafunga nusu ya fundo, akasimama,
akitazama kando, chini kidogo,
kama anayemsubiri mtu amalize kukohoa.

Mwaka huu binti yangu Maarja amehamia Trondheim.
Alisema kwenye simu, wala hakulalamika:
mkate wa huku ni kama keki.
Mimi niliyegonga mihuri juu ya vifurushi vya kisiwa kizima
sijawahi kutuma hata kimoja.

Usiku nikapanga meza. Mkate. Soksi za dukani.
Jagi la mama yake, lile lenye ufa:
nikalitoa, nikalirudisha, nikalitoa.
Nikalirudisha.
Utepe ninao, roli nane, mali ya ofisi.
Niliuvuta ukalia kama bata, nikauacha.
Nikatafuta kamba.
Nikashika fundo kwa meno. Nikajaribu kidevu.
Nikaweka pasi juu yake, pasi ikateleza,
ikanitua kwenye dole gumba la mguu.

Saa tatu usiku nikabisha kwa Bibi Vaike,
boksi kifuani, theluji kofiani, nachechemea.
Hakuuliza ni la nani.
Alilitikisa, akalisikia jagi,
akaenda kuleta njegere.
Kisha akaketi, akavua miwani,
akanyoosha kidole kilichopindwa na baridi yabisi,
akakiweka.
"Vuta," akasema.
Nikavuta.
"Vuta, mwanangu. Mimi si yai."

Asubuhi nilijipimia mwenyewe,
nikajilipa, nikajirudishia chenji, nikajikatia risiti.
Tangazo lipo bado juu ya mizani.
Gari la posta lilipoondoka nilisimama dirishani
mpaka likapotea nyuma ya kanisa,
jambo ambalo wateja hulifanya kila siku,
nami huwaambia: nendeni nyumbani,
hakuna cha kuona.